Kiazi Kisicho na Chumvi

Ngo. Ngo. Ngo.

Usiku wa jana niliota, na ndoto ilianzia masikioni. Kabla sijaona mtu wala mahali, nilisikia jembe likigonga kitu kisichotaka kulimika. Mlio huo naufahamu. Ni mlio wa asubuhi za kwetu Makete mwezi wa sita, sakitu, umande ulioganda, ikiwa imelala juu ya mashamba kama chokaa na udongo umeganda.

Kisha nikaona. Sikuwa Makete. Nilikuwa maabara, huku kaskazini mwa Uswidi ninakosomea uzalishaji wa mbegu za mazao ya mizizi, na aliyekuwa akilima ni bibi yangu Rahabu. Analima vigae vya sakafu. Amevaa sweta lake la kijani na kanga mbili kiunoni, miguu mitupu. Bibi alifariki kabla sijapanda ndege kuja huku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Udongo wenu mgumu."

"Hivyo ni vigae, bibi."

"Mmevitia samadi?"

Nikasema hapana. Akaguna, nikaliona lile pengo lake la meno ya mbele, akaendelea kulima.

"Nimekuja kula," akasema bila kuinua kichwa. "Kiazi changu kiko wapi?"

Swali hilo ndilo nililolala nalo. Bibi alikuwa na kiazi chake, chekundu, chenye macho mengi, ambacho nyumbani hatukukijua kwa jina jingine zaidi ya kiazi cha Rahabu. Baada ya kifo chake, sakitu ilipiga misimu miwili mfululizo, mbegu yote ikaisha, yetu na ya majirani. Iliyobaki duniani ni ile niliyokuja nayo huku ndani ya chupa. Nikaichanganya na viazi vya kaskazini vinavyostahimili baridi. Tukasoma vinasaba vya miche mamia, tukachambua, tukatupa. Mingine ikaliwa na ukungu pamoja na mama yao, mche wa kiazi chenyewe cha bibi. Mwisho nikabaki na mche mmoja, urefu wa kidole, unaoishi kwenye jeli yenye chakula chake ndani ya chupa ya kioo. Nikauandikia lebo: R-7. R ni ya Rahabu.

Juzi R-7 ulipimwa kwa baridi, ukashindwa. Leo asubuhi ilikuwa zamu yangu ya kuutupa, kwa sababu maabara yetu ina desturi: aliyeandika lebo ndiye anayetupa, kwa mkono wake, hatumi mtu. Dokta Birgitta, anayenisimamia, anasema hivyo ndivyo mtu anavyojifunza kutopenda vitu ovyo.

Na nyumbani mama alikuwa akisubiri simu yangu. Baba mdogo Aroni ameshaleta miche ya paini ili aipande kwenye shamba la bibi. Paini ikishaingia shambani, mambo ya viazi hapo yamekwisha kwa miaka ishirini. Mama aliniambia, "Sema neno moja tu, mwanangu. Kiazi kipo au hakipo?"

"Kipo, bibi," nikasema kwenye ndoto. "Ila hakijazaa. Bado ni mche."

"Mrefu kiasi gani?"

Nikamwonyesha kidole cha shahada.

Akakitazama kidole changu kwa muda. "Miaka yote hii," akasema, "umelima kidole."

Nilitaka kumjibu. Mimi si mtu wa kunyamaza, hata kwa wafu. Lakini jokofu kubwa la pembeni likakohoa.

"Tweve," likasema, kwa jina langu la ukoo. "Unaitwa kwenye uteuzi."

"Nani ananiita?"

"Mimi ni jokofu. Nikiambiwa gandisha, nagandisha. Ingia, unanipotezea baridi."

Nikaingia. Ndani hamkuwa na rafu. Mlikuwa na mteremko wa nyuma ya nyumba yetu, nyasi nyeupe kwa sakitu, na katikati ya mteremko meza ndefu ya maabara. Mezani wamekaa watatu, mazao ya mizizi, wote wamevaa makoti meupe. Karoti ni mwenyekiti. Kiazisukari ni katibu, mnene, ana kalamu. Tanipu amelala na hakuna anayejali.

"Umekomazwa?" Karoti ananiuliza.

"Vipi?"

"Mche haupelekwi kwenye baridi kali moja kwa moja. Hukaa kwanza kwenye baridi ndogo, ukakomaa. Wewe ulikaa wapi?"

Nikafikiri. "Miaka mitatu nimepanda basi la asubuhi kuja kazini. Hakuna aliyewahi kukaa kiti cha pembeni yangu, hata basi likijaa."

"Amekomazwa," akasema Karoti. Kiazisukari akaandika.

"Umeshachanua?" Kiazisukari akauliza.

"Naandika mashairi."

"Sikuuliza kazi. Nimeuliza, umeshachanua?"

"Ndiyo hayo mashairi."

Wakatazamana. Kiazisukari akaweka kalamu chini. "Kijana, huku kwetu mwaka wa kwanza hatuchanui. Tunanenepa chini ya ardhi, kimya. Anayechanua kabla ya wakati anang'olewa, maana akili yake yote imeenda kwenye maua."

"Mimi sikuja huku kunenepa."

"Tunaona," akasema, akinitazama mbavu.

Karoti anasimama, anachukua kile chuma tunachotobolea majani, ananikata ncha ya sikio. Haiumi. Kipande kinaanguka mezani kama jani. Hawahitaji kuniua, ananieleza, kipande kinatosha. Wanakitwanga kwenye kinu kidogo, wanakichuja. Kinachotoka si damu. Linatoka shairi.

Nalitambua, ni langu. Utunzi nilijifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole nyuma ya ng'ombe wa baba mdogo, na sikuwahi kumwomba mtu anisahihishie. Shairi ni hili:

Kiazi cha bibi yangu, usilie barafuni,
Hata nifungwe kwa pingu, nitakupanda shambani.

Ni shairi zuri. Nasema hivyo hata nikiwa macho.

"Lipitishwe," akasema Karoti.

Kazi hiyo naifanya kila wiki. Unachukua vipande vya vinasaba, unavitia kwenye vishimo upande mmoja wa jeli, unawasha umeme. Umeme unavivuta. Vipande vifupi vinapenya haraka na kufika mbali, virefu vinabaki nyuma. Halafu unatazama kama mstari unaoutafuta upo. Mche usio na mstari huo unatupwa.

Wakalitia shairi langu kwenye kishimo. Wakawasha. Maneno yakaanza kutembea, na mimi nikaanza kuyabembeleza yashikane mikono. Hayakunisikia. *Cha* na *kwa* yakatimua mbio, yakafika mwisho kabla sijapumua. Nyuma yao yakaja *hata* na *bibi*. Halafu *yangu*, *pingu*, *kiazi*. *Usilie* likafika likihema. *Nifungwe*, *barafuni* na *shambani* yakakomea njiani.

Karoti akainama, akasoma kwa sauti ya mwenyekiti: "Cha kwa hata bibi yangu pingu kiazi usilie." Akafikiri. "Halina maana mbaya."

"Halina maana kabisa," nikasema. "Mmelipanga kwa urefu."

"Huku kila kitu tunakipanga kwa urefu. Na hili hapa juu ni nini?"

Ndani ya kishimo, palepale lilipowekwa, lilibaki neno moja. Halikusogea hata kidogo. *Nitakupanda.*

"Ni refu," nikasema.

"Neno lisilotembea hatulihesabu," akasema Kiazisukari, akalifuta kwa kidole.

Nikampiga. Sioni aibu kusema hivyo. Nikampiga katibu wa uteuzi ngumi ya shavu, na mkono wangu ukatoka na sukari. Hakukasirika. Akaandika: *Amechanua.*

Nilipogeuka, mteremko wa nyumbani haukuwepo. Tuko uani mwa kituo chetu cha utafiti, ni saa sita mchana na hakuna jua, kama ilivyo huku mwezi huu. Theluji hadi magotini. R-7 unakuja kwa miguu, yaani kwa mizizi, jeli inaudondoka kama mtoto aliyetolewa bafuni kabla ya kukaushwa.

"Zakayo," ukasema, "nilie au nisilie?"

"Usilie."

"Shairi lako nalo lilisema hivyo. Limekwama."

Wakautumbukiza kwenye barafu. Wakautoa, wakaulaza kwenye beseni la maji safi.

Kipimo chenyewe kiko hivyo, sikukiota. Jani likiganda likafa, chumvi iliyokuwa ndani yake huvuja majini, na maji yenye chumvi hupitisha umeme. Umeme mwingi maana yake kifo kingi. Maabara tunasoma tarakimu kwenye kifaa kidogo, tunasema "pole", tunakwenda kunywa kahawa. Kwenye ndoto hawakuwa na kifaa. Walikuwa wameunganisha beseni na nyaya za mji.

R-7 ukalia.

Taa ya kwanza ikawaka kwenye mlango wa kituo. Halafu barabara. Halafu nyumba moja moja hadi ng'ambo ya mto, madirisha, kituo cha basi, mnara wa kanisa. Mji wote ukawaka. Watu wakafungua mapazia. Watoto wakatoka na mbao zao za kuteleza. Mama mmoja mzee, jirani ambaye sijawahi kusikia sauti yake, akatoka barazani na sindano mkononi.

"Asante sana," akaniambia. "Tangu mwezi wa kumi sikuwa naona tundu la sindano. Ni kitu gani kinachowaka?"

"Ni kiazi cha bibi yangu. Kinakufa."

"Kinawaka vizuri," akasema, na alikuwa anamaanisha wema. Akaingiza uzi, akarudi ndani.

Nikasimama kwenye mwanga ule mpaka ukaanza kupungua. Taa zikazimika kwa kurudi nyuma, kanisa, kituo cha basi, madirisha, hadi ikabaki ile ya mlangoni. Kisha hiyo nayo.

"Imevuja yote," Karoti akasema gizani. "Nani ameandika lebo?"

Kiazisukari akajifanya anatafuta kalamu. Hata Tanipu aliamka ili asijibu.

"Nani ameandika lebo?"

"Mimi," nikasema.

"Basi tupa."

Mtungi wa mvuke, ule mkubwa unaochemsha kila tunachokitupa, ulikuwa umeshafika na umefungua mdomo. Ni mtungi mstaarabu. "Karibu," ukasema. "Haitachukua muda. Wengine huniambia kuna joto zuri."

Nikauokota R-7 majini. Ulikuwa laini kama mboga iliyochemshwa, rangi ya chai. Nikaurudisha kwenye chupa yake, maana sikujua pengine pa kuushikia. Nikatafuta pa kukimbilia. Upande wa kushoto ardhi imejaa paini ndogo, na kati yake baba mdogo Aroni anatembea ameinama, anachomeka miche kwenye theluji, kila mmoja unarefuka akiuacha mkono.

"Baba mdogo, subiri."

"Nisubiri nini? Kipo au hakipo?"

"Baba mdogo, hapo ni kwenye matuta ya bibi."

"Mimi sina ugomvi na matuta. Wewe ndiye msomi. Kama kipo, sema kipo, nitang'oa hata huu." Akaushika mche mmoja shingoni. "Sema."

Nikafungua kinywa. Neno *kipo* ni fupi, lingeweza kufika mbali. Halikutoka. Kinywani nilikuwa na lile jingine refu la kishimoni, limekaa kama mfupa, halishuki wala halipandi.

"Unaona," akasema baba mdogo, bila ubaya, akachomeka. Paini zikapanda juu zikakutana, nikawa ndani ya msitu, na kila mti ukawa unaniambia kwa adabu, "Miaka ishirini, bwana. Pita huku. Miaka ishirini."

Ngo. Ngo. Ngo.

Bibi alikuwa palepale, chini ya paini, analima kigae kilekile.

"Umechelewa," akasema. "Lete."

"Kimeshindwa, bibi."

"Nimekuja kula. Habari za kushinda sijaulizia."

"Hakuna kiazi humu. Ni mche tu, na umekufa. Hata wewe umekufa, bibi. Ningefanyaje? Nimekaa huku miaka mitatu nasemeshwa na majokofu. Nimehesabu mistari kwenye jeli mpaka nikifumba macho naiona. Nilisema nitakuja na kiazi kisichoogopa sakitu, nikasema mbele ya watu, kanisani, nimesimama. Sina kitu."

Nilikuwa nalia, na nikaona kigae alichokanyaga bibi kimeanza kutoa mwanga hafifu.

"Acha kuwaka," akasema. "Unaniumiza macho."

Akaninyang'anya chupa. Hakuifungua. Alipenyeza vidole kwenye kioo kama mtu anayepapasa ndani ya chungu, akachimba kwenye jeli, chini kabisa, upande nisiouangalia kwa sababu vipimo vyetu vyote ni vya majani. Akatoa kitu kidogo mno. Akakifuta kwenye kanga, akakiuma.

Akatafuna taratibu. Msitu wote ukainama kumtazama.

"Hakina chumvi," akasema.

"Imevuja yote, bibi."

"Ndiyo nasema. Hakina chumvi." Akatafuna tena, akameza. "Lakini ni chenyewe."

Kilichobaki akakirudisha kwenye chupa, akanikabidhi, akashika jembe. Nikamwuliza nifanye nini sasa. Alikuwa ameshaanza kigae kingine.

Nikaamka.

Chumba kilikuwa cheusi na baridi. Chupa ya R-7 ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, nilipoiweka jana. Nilikuja nayo ndani ya soksi, mfukoni mwa koti, kwa sababu sikutaka usiku wake wa mwisho upite kwenye rafu ya vitu vya kutupwa. Kabla ya kulala nilikuwa nimeitazama kwa muda mrefu. Mche ulikuwa umelala, majani yamekuwa kahawia, na jeli ilikuwa safi, mizizi tu.

Niliwasha taa, nikainua chupa, nikaiinamisha.

Chini kabisa, ndani ya jeli, kulikuwa na kiazi. Ukubwa wake ni wa punje ya harage. Chekundu. Mfuniko ulikuwa umefungwa kama nilivyoufunga, na utepe wake haujaguswa. Nikakigeuzageuza kwenye mwanga mpaka nikaona upande wa pili. Kilikuwa kimeumwa. Alama za meno, ndogo, zimejipanga nusu duara, na katikati yake pengo.

Nilikaa kitandani. Sikuwa na furaha, nisidanganye. Kipimo ni kilekile. Majani ya hiki yakikutana na sakitu yatakuwa kama chai, mwaka wa kwanza na mwaka wa kumi. Miaka yangu mitatu imezaa harage lililoumwa na marehemu.

Nikapiga simu nyumbani.

Kabla mama hajasema kitu nikasikia nyuma yake, kwa mbali: ngo, ngo.

"Shikamoo, mama. Hicho ni nini?"

"Marahaba, baba. Ni Aroni huyo. Mvua imekubali, akasema hangoji tena, ameanza mashimo kona ya juu, kule kwenye mawe. Nimemwambia Zaka hajapiga. Anasema Zaka kupiga kwake ni mashairi tu."

"Mwambie asimamishe."

"Kwa hiyo kipo?"

Nikatazama chupa. "Kimeshindwa mtihani, mama. Sakitu itakiunguza."

"Mimi sijakuuliza mtihani."

"Ni kimoja. Kidogo kama harage."

"Zakayo. Kipo au hakipo?"

"Kipo," nikasema. "Ila hakina chumvi."

Nilimsikia akihamishia simu sikio jingine. "Nani amekwambia hakina chumvi? Umekionja?"

"Bibi amekionja."

Mtu mwingine angecheka, au angeniuliza kama nalala vizuri. Mama aliguna tu, na nyuma yake jembe likaendelea.

"Alikuwa hatii chumvi ya kutosha, mama mkwe," akasema. "Miaka yote nilikuwa naongeza mimi, akigeuka. Aroni!" Sauti ikaenda mbali na simu. "Shemeji, hebu weka jembe chini!"

Mlio ukakatika.

"Anauliza asubiri mpaka lini," mama akasema.

Kuna vibali, kuna karantini, kuna Dokta Birgitta ambaye saa mbili asubuhi ataulizia chupa tupu. Lile neno refu lilikuwa bado limekaa kooni, zito, halitaki kutembea. Nikalisukuma.

"Mwambie aniachie kona ya chini, tuta moja tu, hizo nyingine apande paini. Nitaomba vibali, wakininyima nitaomba tena. Nitakuja nacho mimi mwenyewe, mama, na nitakipanda. Kikiungua, nitakipanda tena."